Ninunue UPS ya ngapi?

Kila anayefungua steshenari hapa Mazimbu, Morogoro, siku moja hupita dukani kwangu na kuniuliza: "Dada, ninunue UPS ya ngapi?" Nami humrudishia swali: unataka dakika ngapi? Wengine hucheka wakidhani nawakwepa. Siwakwepi. UPS, lile boksi lenye betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, inauza dakika, na ukishajua unataka dakika ngapi na za kufanyia nini, kununua kunakuwa kazi ndogo.

Dukani nina kompyuta 2 za mezani, laptopu 1, printa ya leza, mashine ya kopi na mashine ya laminesheni. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa SUA, kampasi ya Solomon Mahlangu, wanaoleta ripoti za fildi. Msimu wa maombi ya mikopo ukifika, wanaongezeka vijana waliotoka kidato cha 6 na bahasha zao za vyeti vya kuzaliwa. Nilianza bila UPS. Nilikuwa na frijigadi tu, nikaiamini kwa sababu ina taa ya kijani. Siku moja umeme ukakatika nikiwa ukurasa wa 41 wa ripoti ya mtu, na uliporudi nikakuta kazi imeishia ukurasa wa 30. Frijigadi inazuia umeme mbaya usiingie. Umeme usipokuwepo haina cha kukupa. Nilichapa zile kurasa 11 usiku uleule, na sikumtoza mwenye ripoti hata shilingi.

Hesabu ya dakika

Ndani ya UPS ndogo kuna betri moja iliyofungwa, ya risasi na asidi, yenye maandishi 12V 7Ah, yaani volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha 12 kwa 7, unapata wati-saa 84. Mwenye haraka atasema basi kompyuta ya wati 84 itakaa saa nzima. Haikai. Ile 7Ah hupatikana betri ikitolewa umeme polepole kwa saa 20. Betri ya risasi haipendi kukamuliwa kwa pupa. Ukiikamua kwa dakika chache inakupa pungufu sana, na humo humo UPS nayo inapoteza kiasi kwa joto.

Nilichoka kukisia nikapima mwenyewe. Kompyuta yangu, ya kawaida ya ofisi, pamoja na kioo cha inchi 19, vinakula wati 90 hivi wakati nachapa. UPS yenye betri mpya ilivishikilia dakika 22. Nikachomeka na kompyuta ya pili na kioo chake: dakika 8. Mzigo ulizidi mara 2 tu, lakini dakika zilishuka hadi karibu theluthi. Ndiyo maana leo kila kompyuta yangu ina UPS yake. Ikifa moja, mteja anahamia kiti cha pili.

Wati zako utazijuaje? Vipo vifaa vidogo vya kupimia vinavyochomekwa kwenye soketi. Mimi nilitumia mita ya LUKU. Tazama usoni mwake kuna taa nyekundu inayomweka, na karibu nayo pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh, yaani mimweko 1000 kwa kila yuniti moja. Zima kila kitu dukani, hata taa na chaja za simu, acha kompyuta na kioo pekee. Kisha hesabu sekunde kutoka mmweko mmoja hadi mwingine. Gawa 3600 kwa sekunde hizo: yangu ilimweka kila baada ya sekunde 40, nikapata 90. Kama mita yako imeandikwa 1600, jibu utakalopata ligawe tena kwa 1.6. Mteja aliyenikuta nimesimama mbele ya mita na saa mkononi alidhani yuniti zimeisha. Na kweli, nusu ya siku ambazo watu wa mtaa huu hulalamika umeme umekatika, ni yuniti tu.

Sasa rudi kwenye boksi la UPS. Utakuta namba 2. Kubwa ni VA (volti-ampea), ndogo ni wati. Yangu inasema 650VA na 360W. Muuzaji atakutajia kubwa, wewe shika ndogo, na hata hiyo usiijaze: ukifika nusu yake au zaidi kidogo, ishia hapo. Halafu ujue kwamba namba zote 2 zinasema UPS inaweza kubeba mzigo gani. Hazisemi itabeba kwa muda gani. Muda umo kwenye betri. Unaweza kukuta UPS ya 650VA na ya 850VA zina betri zinazokaribiana kabisa, ukalipia zaidi ukapata dakika zilezile. Kwa hiyo swali la dukani ni hili: "Ndani kuna betri ngapi, za Ah ngapi?" Asiyejua, mwombe afungue boksi asome karatasi.

Ya aina gani

Ya bei ya chini kabisa hupitisha umeme wa ukutani kama ulivyo, na ukikatika inaruka kwenda kwenye betri. Ya pili inafanana nayo ila ina kirekebisha volti ndani, na kwenye boksi utaona herufi AVR. Nunua hiyo ya pili. Hapa kwetu umeme haukatiki tu, unalegea pia. Saa 1 usiku, watu wote wanapowasha majiko na pasi, nimewahi kupima soketi yangu nikakuta volti 178 badala ya 230. UPS isiyo na AVR ikiona hivyo inakimbilia betri, umeme ukipanda inarudi, ukishuka inakimbilia tena, na betri inaliwa siku ambayo umeme haujakatika hata mara moja. Yenye AVR inapandisha volti bila kugusa betri. Utasikia "tak" ndani yake, na huo si ubovu. Ipo na ya tatu, ambayo huutengeneza upya umeme wa ukutani muda wote kabla ya kuipa kompyuta. Ni nzuri kwa seva za benki, ina feni yenye kelele, na kwa bei yake mimi nafungua duka la pili.

Kuna mtego mmoja kwa wenye kompyuta mpya mpya. UPS za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi ngazi, si wimbi laini kama la ukutani, na baadhi ya pawasaplai za kisasa, yaani kile kisanduku cha ndani kinachoilisha kompyuta umeme, huukataa: UPS inabaki hai, kompyuta inazima. Hakuna boksi litakalokwambia kama yako ni miongoni mwao. Nilipokwenda kununua UPS ya pili nilipakata CPU yangu, lile boksi la kompyuta lenyewe, kwenye bodaboda hadi dukani mjini, nikaomba waiwashe pale pale, kisha wazime swichi ya ukutani. Muuzaji alininunia. Nilimwambia, kaka, usikasirike, nikirudi kesho kuirudisha utakasirika zaidi.

Tazama pia tarehe ya kutengenezwa. Betri ya risasi iliyokaa kwenye shelfu mwaka mzima bila kuchajiwa inaweza kuwa imekufa ndani ya boksi jipya linalong'aa.

Kuifunga

Siku ya kwanza usiipe kazi. Ichomeke, iache ichaji usiku kucha. Kuijaza betri tupu huchukua saa 6 hadi 8.

Mahali ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Betri hizi zimepangiwa joto la nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hupunguza maisha yake karibu nusu. Duka langu ni la mabati bila dari. Nilikuwa nimeiweka UPS shelfu ya juu ili isiguswe na maji ya kudekia, kumbe nimeiweka kwenye oveni. Sasa inakaa chini, juu ya matofali 2, mbali kidogo na ukuta, matundu yake wazi, bila kile kitambaa cha kufuma nilichokuwa nimeifunika ipendeze. Na isikae chini ya taa. Taa huleta wadudu, wadudu huleta mijusi, na fundi wangu aliwahi kutoa mjusi aliyekauka kama chipsi katikati ya sakiti.

Plagi yenye miguu 3 iache na miguu yake 3. Mguu mrefu ni wa ethi, yaani waya unaokwenda ardhini, na kinga ya UPS dhidi ya umeme unaoruka hutegemea ethi hiyo kupata pa kuumwaga. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu 3 ambazo tundu la ethi halijaunganishwa popote. Mwite fundi umeme apime, ni kazi ya dakika chache.

Kisha chomeka CPU, kioo, basi. UPS nyingine zina soketi za makundi 2, moja ya betri na moja ya kinga tu, kwa hiyo soma maandishi kabla hujalaumu. Printa ya leza usiichomeke upande wa betri kamwe: ndani ina roli inayopashwa moto kuyeyusha wino wa unga, na inapopasha huvuta mamia ya wati, wakati mwingine hadi 1000 na zaidi. Mashine ya kopi ni hivyo hivyo. Kijana wangu wa dukani aliona soketi moja ya UPS iko wazi, akachomeka mashine ya laminesheni. UPS ikapiga ukelele mmoja mrefu ikazima kila kitu, umeme wa ukutani ukiwepo! Sasa soketi hiyo nimeiziba kwa selotepu.

Kama UPS yako ina tundu la USB, tafuta waya wake uchomeke kwenye kompyuta. Windows itaiona kama betri ya laptopu, alama yake itatokea karibu na saa. Ingia kwenye mipangilio ya umeme, elekeza kwamba chaji ikibaki asilimia 30 kompyuta ifanye haibaneti, yaani imwage kila kilichokuwa wazi kwenye diski kisha ijizime. Hata ukiwa umekwenda kununua chapati, ukirudi utakuta kazi ilipo. Na UPS isiyo na tundu hilo? Basi wewe ndiye waya. Ingia pia kwenye Word, sehemu ya kuhifadhi, ushushe muda wa nakala ya dharura kutoka dakika 10 hadi 1. Hiyo ni bure, na ingeniokoa zile kurasa 11.

Umeme ukikatika

UPS ikianza kulia, sitazami kioo cha simu kuuliza jirani kama na kwake umekatika. Nasevu kila kilicho wazi, nafunga, nazima. Ni dakika 3 au 4. Zilizobaki ni akiba, maana umeme unaweza kurudi na kukatika tena baada ya nusu saa, na betri haijajaa. Umeme ukirudi nahesabu dakika 5 kabla ya kuwasha printa na mashine ya kopi, kwa sababu volti za mwanzo huwa hazijatulia.

Wako wanaotaka kumalizia mteja wa mwisho, kisha wa mwisho kabisa, kisha mmoja tu. Nilikuwa hivyo. Betri inayokaushwa hadi UPS ijizime yenyewe kila siku haifiki mbali.

Kazi ya kupakia kitu mtandaoni ni tofauti, kwa sababu kompyuta ikibaki hai ruta ikazima, hujafanya kitu. Kijana mmoja alikwamia kwenye kitufe cha mwisho cha maombi yake namna hiyo, tukamalizia kwa hotspoti ya simu yangu, jasho likimtoka. Kwa ruta nunua ile UPS ndogo ya volti 12 inayotoshea kiganjani. Inaandikwa 8800 mAh na watu hudhani ni nyingi kuliko 7Ah ya UPS kubwa. Hesabu hiyo ni ya volti 3.7 za seli za ndani: 8.8 mara 3.7 ni wati-saa 32 na ushee, na zikipandishwa kuwa volti 12 zinabaki 27 hivi. Ruta yangu hula wati 8, hivyo napata saa 3 na zaidi kidogo. Kabla ya kununua hakikisha ruta yako ni ya volti 12. Zipo za 9 na za 5.

Kosa lililoniulia betri

Betri yangu ya kwanza ilikufa baada ya miezi 14, wakati hizi kwa kawaida huishi miaka 3 hadi 5. Nikamlaumu muuzaji. Nikaenda kwa mzee mmoja fundi, kibanda chake kipo karibu na Msamvu, nikamshikamoo, nikaanza kulalamika. Aliniacha nimalize.

"Binti yangu, jioni ukifunga duka unafanya nini?"

"Nazima meni swichi, mzee. Naogopa moto."

"Na UPS unaizima?"

Nilikuwa siizimi. Kila usiku nikizima meni swichi, UPS ilidhani umeme umekatika, ikalia peke yake gizani hadi betri ikauke. Asubuhi ilipata saa chache za kuchaji, mchana umeme ukakatika, jioni tena mimi. Betri ya risasi ikikaa tupu inaota chumvi kwenye bamba zake, na chumvi hiyo ikishakomaa hairudi nyuma. Hivyo muuaji nilikuwa mimi, kwa nia njema kabisa.

Sasa kuna laini moja dukani isiyozimwa usiku, yenye fyuzi yake, na inalisha UPS hizo tu ili zichaji. Kitufe cha mbele cha UPS nakizima. Nyingi huendelea kuchaji hivyo hivyo, ila ijaribu yako. Anayelazimika kuzima kila kitu, azime kitufe cha UPS kwanza, kila siku. Na ukifunga duka kwa likizo ndefu, ichajishe angalau kila baada ya miezi 3.

Kubadilisha betri

Mzee yule alinifundisha nikiangalia, kisha akanipa bisibisi. Kabla sijagusa chochote akasema, "Vua bangili." Betri ndogo hii inaweza kupitisha umeme mwingi sana ukiunganisha ncha zake mbili kwa chuma, na bangili ni chuma. Zima kitufe, chomoa plagi ya ukutani, chomoa vilivyochomekwa nyuma, subiri dakika chache. Kwenye nyingi kuna mlango mdogo chini. Toa waya mweusi, kisha mwekundu. Piga picha kwa simu kabla hujautoa hata mmoja. Kama hakuna mlango na unatakiwa kufungua ganda zima, mpe fundi, maana humo kuna sehemu zinazobaki na umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako. Betri iliyovimba nayo usiikongoe kwa bisibisi.

Nenda dukani na betri ya zamani mkononi. Ndimi zake huja kwa upana wa aina 2, milimita 4.8 na 6.3, na ukikosea waya utalegea. Betri ya 9Ah huwa na umbo lilelile la 7Ah na mara nyingi inaingia palepale, ukapata dakika za ziada. Unapounganisha waya wa mwisho utaona cheche ndogo, usiogope. Ya zamani usiitupe jalalani, ina risasi ndani. Wanaonunua betri chakavu wataichukua na kukupa chochote.

Kama unataka saa, si dakika

Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla mashine ya kwanza ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji haijaanza kuzalisha Februari 2024, dakika 22 hazikuwa na maana yoyote. Jirani yangu alichukua betri ya gari akaiunga kwenye UPS ya 650VA kwa waya mrefu. Ilifanya kazi siku kadhaa, kisha tukasikia harufu. UPS ndogo imetengenezwa kufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Ukiilazimisha saa nzima transfoma yake inachemka, na chaja yake haiwezi kuijaza betri kubwa kiasi hicho.

Wa saa nyingi anunue inveta, mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, na betri ya gel ya volti 12, 100Ah. Ni wati-saa 1200, tumia nusu tu ili betri idumu, toa kinacholiwa na inveta, na kompyuta moja ya wati 90 itakaa saa 5 hivi. Jenereta dogo la petroli nalo lipo, lakini umeme wake hupanda na kushuka, na UPS nyingi huukataa zikabaki zinalia kwenye betri huku jenereta linanguruma nje. Binafsi, ningekuwa naanza leo, ningenunua laptopu 2 zilizotumika zenye betri nzima badala ya kompyuta za mezani. Zinakula wati 20 hadi 30, na UPS yake imo ndani.

Jaribio la miezi 3

Kila baada ya miezi 3, Jumapili duka likiwa limefungwa, nachomeka kwenye UPS balbu ya zamani ya wati 100, ile inayochoma vidole. Kompyuta siichomeki. Nazima swichi ya ukutani bila kuchomoa plagi, ili ethi ibaki imeunganishwa, kisha natazama saa hadi balbu izime. Dakika naziandika kwenye selotepu iliyobandikwa ubavuni mwa UPS, pamoja na mwezi niliponunua betri. Ya kompyuta ya kwanza sasa inasomeka 19, 19, 18, 16. Ikifika 10, navua bangili.